Gari la Kuokoa Nusu Saa

Kwa miaka kumi na tano Bashi alikuwa akiuza magari ya mitumba mjini Francistown, na ugomvi wa wanunuzi wake aliujua kwa kichwa. Mume anataka jekundu lenye mwendo. Mke anataka milango mipana, viti vinavyofutika kwa kitambaa, na buti la kumeza chungu cha miguu mitatu siku za matanga. Kazi ya Bashi ilikuwa kusimama katikati, kumpa kila mmoja nusu ya alichotaka, na kupokea pesa zao za pula. Ndiyo maana Sethunya na Moagi walimchanganya. Hii ilikuwa mara ya nne wanakuja, na bado alikuwa hajawaelewa.

"Ngoja kwanza, Mma," alisema, akijifuta jasho shingoni. "Nieleze tena polepole, maana mimi kichwa changu kizito. Wewe, na tumbo lako hilo, ndiye unayetaka hiki kigari kichaa chekundu. Na huyu Rra, mwanamume mzima na ndevu zake, anataka lile kabati?"

"Ndivyo," alisema Sethunya.

"Nani kawaloga?"

Moagi alicheka, kwa sababu ilibidi mtu acheke. Kabati lilikuwa gari jeupe la viti saba, la kijapani, refu na la wima, lisilo na haya ya kuwa baya. Mama mkwe wake angeingia bila kukunja magoti yake mabovu. Bei yake pula hamsini na mbili elfu, na wao walikuwa na sitini. Kwa kila hesabu ya mtu mwenye akili zake, ndilo lililokuwa gari lao.

Lakini kile chekundu nacho hakikuwa gari la kipumbavu, na hilo ndilo lililomtesa Moagi. Kilikuwa na milango mitano. Viti vya nyuma vililala vikaacha nafasi ya magunia mawili ya unga. Kilikunywa mafuta kidogo. Halafu, chini ya boneti, kilikuwa na injini ndogo yenye tabo ya kuiongezea nguvu, gia sita za mkono, matairi mapana na pezi dogo nyuma juu ya kioo. Zamani, kabla ya mwaka jana, Moagi angeuza hata kitanda ili akipate. Alikuwa mtu wa kukata picha za magari kwenye magazeti na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Bashi alikitakia elfu sitini na nne, na macho yake yalisema angekubali sitini.

"Rra Bashi," alisema Sethunya, "nilikuuliza juzi, hukunijibu. Kutoka geti la Mosetlha mpaka mlango wa hospitali, hiki kinachukua dakika ngapi?"

Bashi alimtazama Moagi apate msaada, na Moagi akatazama matairi.

Moagi na Sethunya waliitwa kwa jina la mtoto wao, kama ilivyo desturi: mume Rra Larona, yaani baba Larona, mkewe Mma Larona, mama Larona. Watu waliendelea kuwaita hivyo ingawa Larona alikuwa amekufa tangu Agosti ya mwaka uliopita, akiwa na miaka sita. Alikufa kwa pumu. Ilikuwa likizo, baba yake alikuwa amempeleka kambini kwa babu, kwenye ng'ombe na vumbi, na Ijumaa mchana kifua kikambana. Sethunya alikuwa mjini kwenye semina ya walimu. Saa nane na nusu Moagi alimpigia simu kwamba wanaondoka. Saa kumi kamili akaingia na mtoto mikononi katika mlango wa hospitali, mtoto ameshanyamaza. Daktari alihangaika naye, kisha akatoka nje na kumwambia mama neno moja ambalo pengine yeye mwenyewe alilisahau siku ileile. Alisema, "Mngefika nusu saa mapema."

Sethunya alilishika neno hilo na hakuliacha tena. Nusu saa. Alitembea nayo sokoni, alilala nayo, aliifundishia hesabu darasa la sita. Na sasa kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi sita, alikuwa ameamua kwamba mtoto huyu atazaliwa katika nyumba yenye gari linaloweza kuirudisha ile nusu saa, na wanaotaka kucheka wacheke.

Nani alimwambia kwamba tatizo lilikuwa gari? Mumewe. Na hakumwambia faraghani. Kwenye mazishi, alfajiri, kabla jeneza halijashushwa, lazima mtu wa familia asimame aeleze marehemu alivyougua na alivyokufa, ili waliokuja wasiondoke na maswali. Baba mtu alisimama mwenyewe. Mbele ya watu mia tatu waliojifunika mablanketi alisema gari lilikosa nguvu, lilitambaa njia nzima kama mgonjwa, akalisukuma kwa miguu ya roho lakini halikwenda. Watu waliguna kwa huruma. Baada ya mazishi Sethunya alilipiga teke lile gari dogo la bluu, akaliita muuaji, na wiki hiyohiyo likauzwa kwa wanunua vyuma.

Gari lilikuwa zima. Hiyo ndiyo siri aliyokuwa akiishi nayo Moagi, na ilimla kila siku, polepole, wakati wa chai, wakati wa kunyoa. Lile gari halikukosa nguvu hata kidogo. Yeye ndiye aliyekwepa geti.

Na kwa nini mtu akwepe geti na mtoto mgonjwa? Hapo ndipo ulipo upumbavu wenyewe, na siutetei. Kambi ya baba yake iko upande wa ndani wa uzio wa mifugo, ule uliowekwa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Nyama mbichi haivuki uzio huo. Ukifika nayo getini inachukuliwa na kuchomwa. Watu wa huko wote wanajua, na watu wa huko wote wana njia yao ya mchangani inayozunguka, penye waya zilizolegea. Siku ile Moagi alikuwa na nyama kwenye buti. Larona alikuwa amevuta pampu yake ya dawa, akatulia, akaomba peremende. Babu akasema, "Pita huku chini, mtapoteza kidogo tu." Walipoteza dakika arobaini. Katikati ya mchanga, penye miti ya miiba mitupu, kifua kikafunga tena na pampu ikawa imekwisha.

"Sasa tukakijaribu," alisema Sethunya pale yadini. "Twende mpaka getini na kurudi. Nina saa yangu."

"Kilomita thelathini na tano kwenda na thelathini na tano kurudi!" alisema Bashi. "Mma, hilo si jaribio, hiyo ni fungate."

"Mafuta naweka mimi. Kitambulisho changu hiki hapa, na hiki cha mume wangu. Nikikiharibu nimekinunua."

"Mma Larona," alisema Moagi kwa sauti ya chini, "hakuna haja. Kama unakitaka, basi tukichukue. Sitabisha tena. Tumalizie hapahapa."

Sethunya alimgeukia. Wiki tatu nzima mwanamume huyu alikuwa akiling'ang'ania kabati, na sasa ghafla hana neno.

"Unaogopa nini?"

"Siogopi kitu."

"Basi washa gari, Rra Larona."

Akawasha. Wakaelekea getini. Na kile kichaa chekundu kilikuwa kitamu, tusidanganyane. Kilishika barabara kwenye kona, gia ziliingia kama zenyewe, na ukikanyaga kidogo tu mgongo unabanwa kwenye kiti. Mikono ya Moagi ilikifurahia bila ruhusa yake, naye akaichukia mikono yake. Mara mbili walisimama kwa ajili ya punda waliokuwa wamelala katikati ya lami, nao punda hawana habari na tabo. Sethunya aliandika dakika za punda pembeni ya karatasi ili azitoe kwenye jumla.

Geti la Mosetlha ni mti mmoja uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kibanda, tangi la maji, na uzio unaokwenda kulia na kushoto mpaka macho yachoke. Kuingia hawakuulizwa kitu. Walivuka, wakageuza gari mbele kidogo, na sasa wakaja kama watu wanaotoka kambini. Hapo wakasimamishwa. Mhudumu alikuwa mama mnene aliyevaa ovaroli ya kijani, na kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Aliwashusha wakanyage gunia lililoloweshwa dawa, mmoja baada ya mwingine, huku yeye akifungua buti.

"Mna nyama?"

"Hatuna," alisema Sethunya.

"Maziwa mabichi? Ngozi? Viatu vingine?"

"Hatuna kitu, Mma. Lakini nina swali. Gari likija na mgonjwa, unalikagua kwa dakika ngapi?"

Yule mama alifunga buti. "Mgonjwa? Mgonjwa nimkague nini, mimi ni mnyama? Nanyanyua mti, nawaambia piteni. Halafu naita kwa redio, mjini wanatoa gari lao lenye oksijeni, mnakutana nalo katikati. Juzi hapa kulikuwa na msichana wa uchungu, wakakutana nalo pale penye daraja, akajifungulia humohumo. Mtoto wakampa jina langu. Hata kuku hawajaniletea, wale."

Sethunya alitabasamu, na lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu asubuhi. Moagi alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye gunia na hakuutoa. Dawa ilikuwa ikimwingia kwenye soksi.

"Mwaka jana mwezi wa nane ulikuwa hapa?" aliuliza Sethunya.

"Agosti yote. Mwenzangu alivunjika mguu, nikabeba zamu zote za mchana. Wakanilipa mwezi wa kumi na moja."

"Basi utamkumbuka. Mtoto wa miaka sita, na baba yake, gari dogo la bluu. Ijumaa, yapata saa tisa. Alikuwa na pumu." Akaongeza haraka, kama anayeomba radhi, "Sikulaumu kwa lolote, Mma. Nataka tu kujua alikuwaje alipopita hapa. Kama alikuwa anaongea bado."

Mama wa geti alifikiri kwa uaminifu, uso umekunjwa. Alitaka kweli kumsaidia.

"Mtoto wa pumu? Hapana, mwanangu. Huyo ningemkumbuka. Labda walipita geti lingine."

"Hakuna geti lingine."

"Kweli," alisema yule mama. "Hakuna."

Kisha akamtazama Moagi. Alikuwa ameishi kwenye uzio huo muda wa kutosha kuzijua sura za watu wanaozunguka chini. Alienda kibandani kwake, akakaa na kuwapa mgongo.

"Moagi," alisema Sethunya.

Hakuwa amemwita jina lake hilo tupu tangu Larona azaliwe.

"Nilikuwa na nyama," alisema Moagi.

Alisema yote akiwa palepale kwenye gunia, bila kuinua macho: pampu, peremende, njia ya chini, mchanga, mtoto kumshika mkono usiokuwa kwenye usukani. Alisema gari lilikuwa zima. Alisema kwamba kila alipotaka kusema kweli alikumbuka alivyosimama makaburini, na ulimi ukafa. Alilia, na haikumsaidia, kwa sababu hata yeye alijisikia kwamba analia kama mtu anayetaka kuhurumiwa.

Sethunya alimsikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

"Nyama gani?"

"Ya mbuzi. Paja na mbavu."

"Ya nani?"

"Baba alikuchinjia wewe. Alisema, mpelekee Mma Larona, ana mtu tumboni... " Akajishika. Haikuwa hivyo, mimba ilikuja baadaye. Huzuni ilikuwa imemchanganyia miaka. "Alisema tu nikupelekee."

"Yangu." Alilirudia neno hilo polepole. "Na ikaenda wapi? Sikuiona."

Moagi aliutoa mguu wake kwenye gunia.

"Nakuuliza, Moagi. Mtoto amekufa, wewe uko hospitali, gari liko nje. Ile nyama iliishia wapi?"

"Shangazi zangu waliikuta kwenye boksi la barafu walipokuwa wanasafisha gari. Waliipika jioni ya kwanza ya maombi ya msiba, wakawagawia waliokuja."

Upepo ulipitisha vumbi barabarani. Sethunya alitazama upande wa uzio.

"Nilikula," alisema. "Shangazi yako alinishika kidevu akaniambia, kula, mwanangu, upate nguvu ya kulia. Nilikula vipande viwili. Nikaona aibu, kwa sababu ilikuwa tamu."

Moagi alinyoosha mkono. Sethunya hakuuona, au hakutaka kuuona. Alizunguka gari, akaketi kwenye usukani, akasogeza kiti nyuma ili tumbo lipate nafasi. Akaiweka saa yake juu ya dashibodi.

"Lile la bluu lilikwenda mwendo gani? Sema kweli leo."

"Themanini, bila shida. Hata mia."

"Themanini inatosha."

Mama wa geti alitoka akanyanyua mti bila kuwatazama. Sethunya aliondoka, na akafunga mwendo kwenye themanini, asizidishe wala kupunguza. Kile kichaa chekundu kilinguruma kikiomba gia ya sita. Hakukipa. Malori yaliwapita. Basi la Maun likawapita, na mtu mmoja dirishani akawacheka kwa ishara, gari la namna hiyo kuendeshwa kama limebeba jeneza. Moagi alihesabu vibao vya kilomita kwa sababu hakuweza kuhesabu kitu kingine. Penye daraja, pale alipojifungua yule msichana, alifumba macho.

Sethunya aliingia mpaka uani mwa hospitali, mbele ya mlango uleule. Mlinzi alikuja mbio kuwafukuza, akaona tumbo, akarudi. Sethunya aliichukua saa.

"Ishirini na saba," alisema. Akapiga hesabu kwa vidole kama anavyokataza darasani. "Kambini mpaka getini, ishirini. Jumla arobaini na saba. Mliondoka saa nane na nusu. Saa tisa na dakika kumi na saba mko hapa. Kwa gari lile lile."

"Mma Larona..."

"Nililipiga teke. Nilisimama mbele ya ukoo wako na wangu, nikakitukana kipande cha chuma. Na wewe ukanishika mabega ukaniambia nitulie."

Walirudi yadini. Bashi alikuwa kivulini akila mtindi kwa kijiko, akainuka na mikono wazi. "Mmerudi wazima! Haya, Mma, kimekuroga? Nakupunguzia mbili elfu, kwa ajili ya huyo anayekuja."

"Andika kabati," alisema Sethunya.

"Kabati? Na mwendo je? Wiki tatu unaniimbia dakika!"

"Mwendo haukuwa tatizo, Rra."

Bashi alimpiga Moagi kofi la bega, kwa furaha ya kweli, mwanamume kwa mwanamume. "Umeshinda, Rra! Sijui umemwambia nini huko njiani, lakini siku moja utanifundisha."

Moagi alisaini kila alipoonyeshwa. Kabati lilikuwa lao. Lilikuwa na harufu ya shampuu ya mazulia, na viti saba, na lilikuwa jepesi kuendesha. Sethunya hakukaa mbele. Alipanda nyuma kabisa, safu ya tatu, akafunga mkanda chini ya tumbo, na ikabidi Moagi amtazame kwenye kioo kama dereva wa kukodi. Walipita mataa mawili.

"Jumamosi ijayo tunafunua jiwe la kaburi," alisema Sethunya kutoka huko nyuma. Jiwe lilikuwa tayari, jina limechongwa, watu wamealikwa. Moagi alijua. Ndiyo sababu gari lilitakiwa mwezi huu, la kubeba wazee.

"Ndiyo."

"Watakuwa walewale. Utasimama palepale uliposimama, ueleze upya mwanangu alivyokufa. Gari uliondolee lawama. Ukimaliza, ndipo nitajua kama narudi nyumbani na wewe au nabaki kwa mama."

Aliitikia kwa kichwa. "Nitasema. Njia ya chini, waya, yote nitasema."

"Na nyama."

"Na nyama," alisema Moagi.

"Usiiruke kwa sababu ya aibu," alisema Sethunya. "Wana haki ya kujua. Nao waliila."